Diski Nzuri Zote Zina Mpira

Benchi letu liko kati ya milango miwili, wangu wa kinyozi na wa Kanda, ambaye zamani alikodisha kanda za video na sasa anachaji simu, anapiga picha za pasipoti na kuuza vifuniko vya simu visivyoingia kwenye simu ya mtu yeyote. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali. Upande wa kushoto umebonyea, maana ndipo anapokaa Breki, dereva wa malori mstaafu, mtu mwenye mwili na maneno. Katikati hukaa Refa, aliyewahi kuchezesha fainali ya mtaa, akatoa penalti ambayo ubishi wake haujaisha mpaka leo. Mama Birika huweka jiko lake pembeni na kumwaga kahawa kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukisuta watu. Na mwisho wa benchi, kwenye kigoda chake mwenyewe, yupo Fundi Soli na nyundo na viatu vya watu. Siku ninayoisimulia kahawa ilikuwa haijachemka, ubishi tayari ulikuwa umeiva.

Niseme mapema, mtu asije akadhani tulikuwa tunacheza. Mke wa Soli tulikuwa tumemzika majuzi tu. Mwanamke yule hakuacha sauti yake popote. Kamera aliikimbia, simu aliikata kabla hujamaliza kusalimia. Mahali pamoja tu anasikika, kwenye DVD ya harusi ya mpwa wake, ambako mpiga video alipita meza kwa meza akiwaambia wageni waseme neno. Naye akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akamsalimia mama yake aliyekuwa mbali na asiyeweza kusafiri kwa sababu ya miguu. Salamu ile haikufika. DVD ilikaa kabatini mpaka ikachubuka, na aliyesalimia akatangulia.

Sasa mama mtu, ambaye macho nayo yamekwisha, alikuwa ameomba jambo moja tu, aletewe ile salamu. Ana TV na deki ya zamani, na kitufe cha kuchezesha diski wamekibandika kipande cha plasta ili akitambue kwa kidole. Alitaka diski ikae humo, abonyeze mwenyewe, wakati anaotaka yeye, bila kumwomba mtu. Daktari alikuwa ameshawaambia watoto wasikae mbali naye. Mdogo wa marehemu alikuwa anaondoka na basi la mchana, na ndiye angeibeba.

Kanda alikuwa ameshahangaika na diski ya harusi mpaka akaivuta video yote ikaingia kwenye kompyuta yake. Kilichobaki kilikuwa kuiandika kwenye DVD mpya. Kazi ya kunywa kikombe kimoja, ndivyo tulivyodhani.

— Kosa lako ni haraka, Kanda, — alisema Breki. — Jana umechoma kwa kasi kumi na sita. Hata lori tupu haliendeshwi hivyo.

— Ndiyo kasi iliyoandikwa kwenye diski yenyewe.

— Na kwenye lori wameandika mia na ishirini. Umewahi kuniona nikienda mia na ishirini?

— Tumewahi kukuona ukienda mtaroni, — alisema Refa.

— Ule mtaro ndio ulioingia barabarani!

— Jamani, — alisema Soli bila kuinua macho kutoka kwenye kiatu. — Msiseme kuchoma. Semeni kuandika.

Mama Birika akamwekea kikombe yeye wa kwanza, na hakumtania.

Jana yake, ndiyo iliyokuwa imetuharibia. Kanda aliandika diski ya kwanza, tukaileta kwenye deki yangu, ile ninayowawekea wateja wasisinzie kwenye kiti. Deki yangu ni ndugu wa ile ya mama mkwe wake Soli, rangi moja na jina moja, kwa hiyo tulikubaliana kwamba ikikubali kwangu itakubali na kule. Harusi ikaanza vizuri. Mke wa Soli akatokea na kitambaa chake cha kijani, akasema, "Mama, hujambo? Ni mimi." Sote tukajisikia vibaya na vizuri kwa pamoja. Akafika kwenye "mimi nakuja, niki", picha ikaganda. Mdomo wazi, macho nusu, vimiraba vimemjaa shavuni. Kanda alibonyeza kila kitufe. Soli alisimama pale mbele ya TV muda mrefu, kisha akaichomoa diski, akaivunja vipande viwili, akatoka akakaa kwenye kigoda chake. Alipoongea alisema sentensi moja:

— Mke wangu hajaribiwi tena.

Tulimwelewa. Hapo ndipo akatupa sharti lake. Tujaribu kwanza na kitu kingine, chochote, mpaka tuijue diski isiyokwama, ndipo tumweke yeye. Refa alikuwa na fainali yake kwenye flashi. Tukakubaliana tujaribu na mpira.

Basi asubuhi hii diski zilikuwa kwenye benchi. Kopo moja la plastiki lililokuwa na kijiti katikati, ambalo mwenye duka la vifaa vya ofisi alilitoa chini ya meza akalipangusa vumbi, akasema ndilo la mwisho, yeye hawezi kuagiza kitu ambacho watu hawakiulizi tena. Limeshapungua, zimebaki chache chini. Breki naye alileta mbili kutoka nyumbani kwake, kwenye bahasha.

— Hizi zangu zina alama ya kujumlisha, — alisema Breki.

Refa alichukua moja akaisoma kwa mbali, mkono umenyooka.

— Na za Kanda zina alama ya kutoa. Haya, tatizo nimelipata. Ni kama betri, bwana. Mashine ya Kanda ina chanya au hasi?

— Ina umri, — alisema Kanda. — Ikiwekewa ya kujumlisha inazungusha, inafikiri, inaitema.

— Umeiweka kichwa chini?

— Refa, diski ina upande mmoja unaong'aa. Hata kuku anaujua.

Aliiweka. Mashine ikazungusha, ikafikiri, ikaitema. Aliiweka ya pili. Hivyo hivyo. Breki akazirudisha kwenye bahasha zake taratibu na akasema yeye hajawahi kuamini mambo ya kujumlisha.

— Tatizo ni rangi, — alisema Mama Birika. — Mmezigeuza mkaziangalia? Nyingine chini ni zambarau, nyingine ni za kijani kama maji ya bwawa. Zambarau ndiyo iliyoiva.

— Mama, hizi si nyanya.

— Nyamaza wewe. Nilikuwa nauza filamu sokoni kabla hujaota ndevu. Za kijani wateja walikuwa wanazirudisha.

Kanda alizigeuza, na kwa kweli kwenye kopo lile lile zilikuwa na rangi mbili. Akakuna kichwa. Alisema kopo huwa linachapwa jina moja lakini vitu vya ndani vinatoka viwanda tofauti, na mashine yake ya zamani inavijua baadhi tu. Ilikuwa sentensi ya akili kuliko zote asubuhi ile, na hakuna aliyeisikiliza.

— Weka zambarau, lakini kasi nne, — aliamuru Breki. — Polepole. Kama umebeba mayai.

Kanda akaweka zambarau, kasi nne. Tulikunywa kahawa mzunguko mzima. Diski ikatoka, ina joto, tukaingia kwangu nayo sote tukiongozana, mteja wangu akiwa na povu shingoni akisubiri. Mpira ukaanza. Ukaenda hadi dakika ya penalti, mpigaji akaweka mpira chini, akarudi nyuma, akaganda.

— Hata diski inaona aibu, — alisema Mama Birika.

— Ile ilikuwa penalti halali! — Refa alipaaza sauti. — Alishika kwa mkono!

— Alishika begani.

— Bega ni nini? Bega si mwanzo wa mkono?

Nikawatoa nje, nikarudi kumalizia shingo ya mtu. Kupitia mlangoni niliwasikia wakizidi kupotea. Breki sasa alikuwa anasema meza ya Kanda imelala upande, kwamba diski inapozunguka kwenye mteremko maneno yote yanakimbilia ukingoni. Akaleta kiberiti kuiinua meza. Refa akasema kiberiti hakitoshi, kwa kuwa dunia nayo inazunguka, na ni lazima mashine ielekee upande ambao dunia inaelekea la sivyo vinapingana. Mama Birika akasema ni kelele, diski inarekodi na ugomvi wa watu walio karibu, ndiyo maana inachoka. Wakanyamaza wote kwa hofu, wakaitazama mashine ikifanya kazi, kimya kabisa, watu wazima watatu. Nilicheka peke yangu huku wembe ukiwa mkononi. Halafu nikamwona Soli, amekaa na kiatu cha kike mapajani, anapitisha kidole kwenye soli aliyokwisha kuibandika, anakipitisha tena. Nikaacha kucheka.

— Kwani simu haiwezi? — nilimuuliza nilipotoka. — Siku hizi video inaingia kwenye simu.

— Nilimpigia mkwe, — alisema Soli. — Nikaiweka simu mbele ya spika ya Kanda. Akasikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Mwanangu, huko kwenu kunanyesha?"

Akakigeuza kile kiatu mapajani.

— Na akiwekewa kwenye simu atamwomba nani amfungulie? — aliendelea. — Kitu cha kuombaomba. Yeye anataka abonyeze tu. Anasema usiku hapati usingizi.

Kanda alirudi ndani. Safari hii hakumsikiliza mtu. Alichagua zambarau, akaweka kasi nane, si nne wala kumi na sita, akasubiri mpaka mwisho kabisa, mpaka kompyuta ilipomwambia imeifunga diski. Akaishika kwa ukingo, kwa vidole viwili, akanipa. Nikaitia kwenye deki yangu.

Mpira ukaanza. Dakika ya penalti ikafika. Mpigaji akarudi nyuma, akakimbia, akapiga, akakosa.

Shangwe iliyotoka pale, mwenye kupita angedhani mpigaji amefunga. Breki alimkumbatia Refa. Mama Birika alisema rangi, mliniona, nilisema rangi. Tulikimbiza mpaka mwisho, tukarudisha, tukaruka mbele, tukarudisha tena. Haikukwama hata mahali pamoja.

— Haya, — alisema Kanda, — sasa tunamwandika yeye.

— Jaribu nyingine, — alisema Soli.

Kanda alimgeukia.

— Bwana, hii imekubali.

— Imekubali hii. Hiyo nyingine je? Ni nyingine.

Na Soli alikuwa na haki yake. Diski iliyokubali ilikuwa imeshajaa mpira. Ile ya kumwekea mkewe ilikuwa bado iko kwenye kopo, na hakuna mtu kati yetu aliyekuwa anaijua.

Kanda akaandika ya pili, mpira, kasi nane. Ikakubali. Penalti ikakoswa tena.

— Umeona? — alisema Kanda. — Sasa je?

Soli aliweka nyundo chini. Aliishika diski ile, akaigeuzageuza kwenye jua.

— Moja tu ya mwisho, — alisema. — Nikiona ya tatu nitaamini. Jana nilimwona vile mdomo wazi, Kanda. Siwezi kumpelekea mama yake kitu kama kile. Bora nisipeleke.

Kanda alitaka kukataa, nilimwona. Akachungulia kopo kwa juu, akaona bado kuna unene pale chini ya kijiti, akasema sawa. Ya tatu ikaandikwa. Ya tatu ikakubali. Soli akavuta pumzi ndefu, akafuta mikono kwenye aproni, akasimama, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akasema mwenyewe:

— Haya. Mwandike.

Kanda aliingiza vidole kwenye kijiti akatoa kilichobaki. Akakitazama. Akakiinua kwenye mwanga wa mlango.

Wanaojua makopo ya diski wanajua. Kiwandani, juu na chini ya kopo, huweka kipande cha plastiki kitupu chenye umbo lile lile, cha kuzilinda nyingine zisikwaruzike. Kile cha juu tulikitupa siku tulipolifungua. Kile cha chini ndicho kilichokuwa mkononi mwa Kanda. Hakina rangi ya zambarau wala ya kijani. Kupitia kile kipande nilimwona Soli aliyesimama upande wa pili, mzima mzima, bila kukosa hata kifungo.

— Ipo nyingine? — aliuliza Soli.

Kanda alitikisa kopo, kama vile kopo linaweza kuwa limeficha kitu.

— Hizi za mpira hazifutiki? — aliuliza Breki, kwa sauti ndogo.

— Ikishaandikwa imeandikwa. Zipo za kufutika, ila deki za aina hii hazizisomi.

— Ile ya harusi yenyewe?

— Imebanduka. Kwangu ilisoma kwa kubembelezwa. Kwenye deki haiingii kabisa.

— Za kijani zilizobaki?

— Hazikubaki, Breki. Mbili zile mlizijaribia kiberiti na dunia.

Refa aliinua kichwa kama anayetaka kutetea dunia, kisha akakiinamisha.

Wakati huo ndipo alipofika shemeji yake Soli, mdogo wa marehemu, na begi la safari begani na mfuko wa vitu vya mama yake mkononi. Alitusalimia mmoja mmoja. Nitasema ukweli, alipofungua mdomo kusema "hamjambo" niligeuka nyuma. Mama Birika naye aligeuka. Sura zao hazikufanana, mmoja mrefu mmoja mfupi, lakini ile sauti ilikuwa ya mtu tuliyemzika, na ule mkwaruzo mdogo mwishoni.

— Shemeji, basi linapakia. Iko tayari?

Aliziona diski tatu kwenye benchi, zimepangwa vizuri juu ya kitambaa safi cha kwangu.

— Mmetengeneza tatu! Mama atafurahi. Zinacheza vizuri?

— Vizuri sana, — alisema Kanda. — Hazikwami popote.

— Afadhali. Hata ingekwama, ningeibeba. Mama alisema asikie mwanzo tu, pale anapomwita. Hata kama ni neno lile moja, alisema, nitakuwa nabonyeza hilo hilo.

Soli alikaa chini. Hakukaa kwenye kigoda, alikaa kwenye ukingo wa kibaraza, mahali ambapo hajawahi kukaa.

— Shemeji, — alisema, — hizo zina mpira.

Ilibidi aelezwe, na aliyeeleza ni Kanda, kwa kuwa Soli hakuendelea. Alielezwa kuhusu kuganda kwa jana na sharti, kuhusu rangi na kasi, na diski tatu nzuri zilizojaa penalti ya Refa. Kanda akasema atatafuta mji mwingine, ataagiza, atatuma na basi wiki ijayo.

— Wiki ijayo, — alirudia shemeji, kama mtu aliyetajiwa mahali asipopajua.

Hakumlaumu mtu. Ingekuwa rahisi kwetu kama angetulaumu. Aliweka begi chini akaniambia, kinyozi, niangalizie, akaingia kwa Kanda. Wakamfungulia kwenye kompyuta. Sisi tulibaki nje, tukasikia kupitia mlangoni:

"Mama, hujambo? Ni mimi. Miguu inaendeleaje? Usipike mwenyewe, mngoje mdogo wangu. Mimi nakuja, nikimaliza haya ya huku nakuja. Lala vizuri, mama."

Ni hayo tu. Hata kumaliza kunyoa kidevu huwezi. Akairudia. Akairudia tena, na mara ya tatu tulisikia sauti mbili zikisema pamoja, ile ya kompyuta na yake, na sikuweza kuzitenganisha. Soli alijiziba uso kwa mikono yake yenye gundi akalia pale pale kibarazani, watu wakipita. Breki alimwekea mkono mgongoni akauacha hapo.

Shemeji alitoka amekauka macho.

— Nimeyashika, — alimwambia. — Nitamwambia mimi mwenyewe. Nitainama sikioni kwake, neno kwa neno, kama alivyosema dada. Usilie, shemeji. Yatafika.

— Ahsante, — alisema Soli.

Alichukua begi. Alipiga hatua kuelekea stendi, kisha akasimama, akatugeukia wote.

— Ila kuna jambo. Mama, tangu macho yake yafe, alikuwa hawezi kututofautisha. Tukiingia, tukisema "ni mimi, mama", lazima aulize, "Wewe ni yupi, mkubwa au mdogo?" Hata juzi, baada ya mazishi, nimepiga simu, kaniuliza hivyo hivyo.

Alihamisha mfuko kutoka mkono huu kwenda ule.

— Sasa nikishamwambia haya, kwa sauti hii, akaniuliza wewe ni yupi, nimjibu nini?

Breki alimtazama Refa. Refa alitazama viatu vyake. Kanda alikuwa bado ameshika kile kipande cha plastiki.

Mama Birika aliinua birika amwagie mgeni kikombe cha safari, likatoa matone mawili na machicha. Akaliweka chini, akaanza kuzima jiko.